Kabla hujasema "kampiga kiwiko": namna ninavyotazama mita 200 za mwisho

Mimi ni fundi baiskeli hapa Ngamiani, Tanga, na kila Julai banda la video la mtaani kwetu huniharibia kazi. Ligi za mpira zimelala, mwenye banda hana cha kuonyesha, basi anatuwekea Tour de France, mbio za baiskeli zinazokwenda kwa hatua, siku baada ya siku. Wao wakimaliza hatua ya siku saa kumi na moja na nusu jioni kwa saa za Ufaransa, kwetu ni saa kumi na mbili na nusu, Maghribi imeingia. Kwa hiyo mita za mwisho na adhana hugombania masikio yetu, na kila mwaka kuna watu wanaotoka mbio kuwahi swala ya jamaa bila kujua nani kashinda. Wakirudi wanatukuta tumeshashikana mashati.

Ubishi wa sprinti, yaani ule mfyatuko wa mwisho kuelekea mstari, ni mbaya kuliko wa penalti. Penalti, refa akishapuliza, mpira unapigwa na mambo yanaendelea. Kwenye baiskeli waamuzi wanajifungia chumbani, wanatazama picha, wanatoka na uamuzi saa moja baadaye, pengine wanatoa na wa pili. Katikati hapo kila mtu ni jaji. Na mimi nimewahi kuwa jaji wa hovyo kuliko wote, tena kwa chaki, ukutani, watu wote wakisoma. Ninayoyaandika hapa ni namna ninavyotazama tangu siku ile. Ukiyafuata bado utabishana, lakini utakuwa unabishania kitu kilichotokea.

Sema kwanza wewe ni wa nani

Siku yenyewe ni Jumanne, tarehe 4 Julai 2017. Hatua ya nne, kutoka Mondorf-les-Bains kule Luxembourg hadi mji wa Vittel, Ufaransa. Kabla hata hawajakaribia mstari mimi nilikuwa nimeshachukua upande.

Nilikuwa wa sprinta Mark Cavendish. Si kwa sababu ya Uingereza, ni kwa sababu ya jezi. Alikuwa akiendeshea Dimension Data, timu iliyosajiliwa Afrika Kusini, waliokuwa wakichangisha fedha za baiskeli za shirika la Qhubeka kwa ajili ya watu wa Afrika. Miaka miwili kabla yake, timu ileile ikiitwa MTN-Qhubeka, Daniel Teklehaimanot wa Eritrea alivaa jezi ya madoa mekundu ya milimani, na sisi tulikunywa soda kana kwamba katoka Chumbageni. Halafu Cavendish alikuwa na hesabu yake: ushindi wa hatua 30, na rekodi ya Eddy Merckx ilikuwa 34. Nilitaka nne tu. Nilizitaka kama vile nitalipwa.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni mwalimu wa hesabu, na yeye alikuwa wa Peter Sagan. Mslovakia huyo alikuwa bingwa wa dunia mara mbili mfululizo, jezi ya kijani ya mwenye pointi nyingi alikuwa ameichukua miaka mitano bila kuiachia, na siku moja kabla ya Vittel alikuwa ameshinda kule Longwy, mlimani. Shemeji alisema mtu wa namna ile hahitaji kumwangusha mtu. Mimi nikasema wa namna ile ndiye amezoea kupita.

Sasa sikiliza sentensi hizo mbili. Hakuna hata moja inayohusu baiskeli. Ndiyo maana siku hizi, mtu akija na ubishi, namwuliza kwanza: ulikuwa unamtaka nani ashinde? Akisema "mimi sina upande," namwogopa zaidi. Taja upande wako kwa sauti, wengine wajue punguzo la kukukata.

Jua mita 200 ni nini

Shemeji alitupigia hesabu siku moja kwa kijiti mchangani. Kilomita 65 kwa saa ni mita 18 kwa sekunde. Mita 200 zinaisha kwa sekunde 11. Ndani ya sekunde hizo kuna watu kumi na zaidi, na kila mmoja anatafuta mfuko wa hewa tulivu nyuma ya gurudumu la mwenzake. Anayetoka kwenye mfuko huo mapema anapigwa na upepo kifuani na kuishiwa kabla ya mstari. Anayechelewa anakuta mlango umefungwa.

Sprinta wa kweli haletwi pale na miguu yake peke yake. Mbele yake kuna mwenzake, pengine wawili, wanaomkatia upepo kilomita nzima. Kazi yao ikiisha wanajitoa pembeni wakiwa hawana pumzi, na wanaotoka nyuma lazima wawakwepe. Kwa hiyo hakuna mtu anayekwenda mstari ulionyooka kama rula. Baiskeli yenyewe inayumba kushoto na kulia kila anapokanyaga kwa nguvu zote. Ukiona mtu ameyumba, hujaona kosa bado.

Kitu kimoja cha kifundi ukishike, maana kitakusaidia kuliko vyote: gurudumu la mbele likigusa gurudumu la nyuma la mwenzako, anayeanguka ni wa nyuma. Wa mbele anaweza hata asijue. Mimi naletewa baiskeli za ajali hizo kila wiki, rimu la mbele limejikunja kama chapati, la nyuma zima kabisa, na mwenyewe anaapa kuwa kasukumwa. Hakusukumwa. Aliingiza gurudumu mahali ambapo nafasi ilikuwa inakwisha.

Jaribu kiwiko mwenyewe

Hili ndilo lililonibadilisha mimi, na sikulipata kwenye televisheni.

Chukua mtu mmoja na baiskeli mbili, nendeni ufukweni maji yakiwa yamekupwa, mchanga uwe mgumu. Msifanye kwenye lami, na msifanye karibu na ukuta. Endesheni sambamba, mwendo wa mtu anayetembea. Mmoja amwegemee mwenzake begani, taratibu, kama anayemnong'oneza. Anayeegemewa asifanye lolote ila kujaribu kubaki wima, na macho yake yawe kwenye kiwiko chake cha upande ule.

Kitafunguka chenyewe. Mwili unasukumwa upande, usukani unataka kugeuka, mkono unaukatalia, na njia pekee ya mkono kuukatalia ni kupinda. Kiwiko kinatoka nje kama bawa la kuku anayetua. Hukukiamuru. Nilifanya jaribio hili na kijana wangu wa gereji. Mara ya tatu akaniegemea kwa furaha kupita kiasi nikaingia majini na saa yangu mkononi. Saa haikupona, lakini kiwiko nilikielewa.

Usije ukanielewa vibaya. Kiwiko kinaweza kuwa silaha, na kuna watu wanajua kukitumia. Tofauti ninayoitazama mimi ni kinachokwenda nacho. Kiwiko cha kupiga huandamana na bega, na mara nyingi kichwa kimegeuka kidogo kumtafuta mtu. Kiwiko cha kujishika huandamana na baiskeli iliyoinama na macho yaliyobaki mbele. Na jambo kubwa kuliko yote mawili: kilitoka kabla au baada ya yule mwingine kupoteza baiskeli yake?

Picha gani utazame kwanza

Picha ya kwanza utakayoonyeshwa ni ile ya mbele, ya kamera iliyoko nyuma ya mstari. Ndiyo nzuri kuliko zote kwa kusisimua, na ndiyo mbovu kuliko zote kwa kuhukumu. Ile lenzi ni ndefu, inavuta watu wa mbali na kuwabana pamoja. Wawili wanaoonekana wamegusana mabega wanaweza kuwa wameachana urefu mzima wa baiskeli. Mita huzioni kwenye picha hiyo. Mikono na nyuso ndizo zinazoonekana vizuri, kwa hiyo ndizo utakazozihukumu.

Mimi natafuta kwanza picha ya juu, ya helikopta. Ubaya wake ni kwamba huoni viwiko sawasawa. Uzuri wake ni huohuo. Unachokiona ni magurudumu na njia zao. Nasimamisha picha pale kila sprinta anapoanza kuondoka kwa nguvu, nachagua alama ya barabarani, mstari mweupe au tangazo lililochorwa kwenye lami, halafu naangalia nani kaondoka kwenye mstari wake na kwa kiasi gani. Baadaye naangalia nafasi kati ya mtu wa mwisho na uzio wa vyuma: ilikuwapo? Ilikuwa inapanuka au inafunga wakati yule wa nyuma anaiingia? Haya mawili nikiyamaliza ndipo narudi kwenye picha ya mbele kutazama mikono.

Na mwendo wa kobe utumie kwa kiasi. Ni mzuri kwa kujua kipi kilitangulia kipi. Kwa kujua nia ya mtu ni sumu, kwa sababu kitu chochote kikipunguzwa mwendo mara kumi huonekana kimepangwa. Hata mimi ninapokosea nati ikaniponyoka, ukinipiga picha ya mwendo wa kobe utasema niliitupa. Nikimaliza kukagua narudisha mwendo wa kawaida na kuitazama tena, nihesabu zile sekunde.

Sheria inauliza nini

Watu wengi bandani wanabishana kuhusu moyo wa mtu. Sheria ya UCI, chama cha dunia cha baiskeli, haianzii huko. Inasema, kwa maneno yangu: chagua njia yako unapoanza sprinti, na usiiache kwa namna inayohatarisha wengine. Basi. Huhitaji kuwa umekusudia. Unaweza kuwa mtu mwema, umeinamisha kichwa, hujamwona mtu, na bado ukawa na kosa.

Adhabu ndiyo ina ngazi. Unaweza kushushwa hadi mwisho wa kundi ulilofika nalo. Unaweza kukatwa sekunde, kukatwa pointi za jezi ya kijani, kutozwa faini kwa faranga za Uswisi. Unaweza kufukuzwa mashindanoni. Juu ya hapo kuna kusimamishwa miezi. Tangu Januari 2025 kuna na kadi za njano: mbili ndani ya mashindano mamoja, unatoka na unakaa nje siku saba. Hata mkatia-upepo anayeshangilia katikati ya kundi huku mwenzake akishinda mbele anaweza kupewa, kwa kuwa anapunguza mwendo mahali ambapo wengine wanaruka.

Kwa hiyo kila kisa kina maswali matatu, na ukiyachanganya hutoki. Aliacha njia yake? Alikusudia? Adhabu imelingana? Mtu anaweza kujibu ndiyo kwa la kwanza, hapana kwa la pili, na hapana kwa la tatu, bila kujipinga. Ubishi wetu wa Vittel ulidumu wiki mbili kwa sababu mimi nilikuwa najibu la pili na shemeji analijibu la tatu.

Vittel, sasa kwa utaratibu

Adhana iliingia wakiwa wanakuja. Shemeji akatoka. Sisi tuliobaki tukaona hivi: Arnaud Démare, bingwa wa Ufaransa, anashinda, nyuma yake Sagan, na kulia kabisa, kando ya uzio, Cavendish anakwenda chini vibaya, na John Degenkolb na Ben Swift wanaanguka juu ya mkosi uleule. Picha ya mbele ikarudiwa mara tatu. Kiwiko cha kulia cha Sagan, nje, kama kidole kinachoonyesha. Banda zima likalia. Cavendish alivunjika mfupa wa bega na Tour yake ikaishia hapo.

Waamuzi walianza kwa kumshusha Sagan, wakamkata sekunde 30 na pointi 80. Halafu jioni ileile wakabadilisha: nje ya mashindano kabisa. Bingwa wa dunia, amefungishwa virago siku ya nne.

Nilikimbia gereji. Ninao ubao ninaoandikia bei: kuziba pancha, kunyoosha rimu, kubadilisha cheni. Nikafuta bei zote nikaandika kwa herufi kubwa, SAGAN KAMPIGA, MWISHO WA UBISHI. Shemeji alirudi kutoka msikitini, akausoma, akasema neno moja tu: "Nionyeshe." Nikamwambia hakuna cha kuonyesha, dunia nzima imeona. Akasema, "Mimi sijaona, shem, kwa hiyo mimi ndiye pekee hapa niliye na akili."

Ilinichukua siku mbili kukubali kukaa naye na simu moja. Tukaitazama ile ya juu. Démare mwenyewe, mshindi, alivuka barabara mbele ya Nacer Bouhanni, na hakuna aliyemsema. Sagan akaelekea kulia, akitafuta gurudumu la Démare. Cavendish alikuwa anakuja nyuma yake akitaka gurudumu hilohilo, kupitia kwenye kipande kati ya Sagan na uzio. Kipande kile kilikuwa kinafunga. Halafu tukasogeza picha moja moja. Cavendish ameshainama, ameshabanwa na uzio, baiskeli yake imeshaanza kumkataa, na ndipo kiwiko kinafunguka.

Basi hukumu yangu, na sijaibadilisha tangu siku ile: Sagan aliiacha njia yake, mlango aliufunga yeye. Kushushwa ilikuwa haki, na zile pointi pia. Lakini kiwiko hakikumwangusha mtu, na kumfukuza mtu kwa kiwiko ambacho hakikufanya kazi ni kumhukumu kwa sura ya picha. Shemeji yeye anaona hata kushushwa kulizidi, kwa kuwa Cavendish aliingia kwenye nafasi inayokufa kwa hiari yake, na Démare hakuguswa. Hapo hatujawahi kukutana. Cavendish mwenyewe hakumfanya Sagan adui. Sagan alikwenda hadi kwenye basi la Dimension Data kumtazama, na Cavendish alisema wanaelewana, ila hakukielewa kile kiwiko.

Timu ya Sagan ilikwenda kwenye mahakama ya michezo ya CAS kutaka arudishwe haraka, ikakataliwa, mbio zikaendelea bila yeye na jezi ya kijani ikachukuliwa na Michael Matthews. Desemba mwaka uleule shauri lilimalizwa kwa makubaliano, na UCI ikakiri kuwa lilikuwa tukio la mbio, la bahati mbaya, lisilokusudiwa. Jezi haikurudi, lakini.

Ubao niliufuta kwa kitambaa cha petroli, na cheni ya shemeji nikaibadilisha bure. André Greipel, sprinta mkubwa wa Ujerumani, alifanya haraka kuliko mimi: jioni ileile alimkasirikia Sagan hadharani, alipotazama picha vizuri akaomba radhi hadharani vilevile. Mtu aliyekuwamo mlemle barabarani alihitaji picha ya pili. Mimi niliyekuwa nimekalia kreti la soda Tanga nilijiona sihitaji.

Weka mizani ya visa vingine

Kisa kimoja hakipimiki peke yake. Mimi nina vichache vya kulinganishia, na navitumia kama fundi anavyotumia rimu zima kulinganisha na lililopinda.

Juu kabisa, upande wa makusudi, naweka mwaka 1997: Tom Steels alimrushia mwenzake chupa ya maji katikati ya sprinti, akafukuzwa Tour. Hapo hapana ubishi, chupa hairuki yenyewe. Karibu yake naweka Mark Renshaw, 2010, hatua ya kumi na moja, Bourg-lès-Valence. Alikuwa mkatia-upepo wa Cavendish. Alimgonga Julian Dean kwa kichwa mara tatu, kisha akamfungia njia Tyler Farrar. Cavendish alishinda siku ile na ushindi ukabaki, Renshaw akafukuzwa. Mashabiki wa Cavendish tuliokuwa tunapiga kelele Vittel tulikuwa tumekisahau kisa hiki kabisa.

Halafu kuna Katowice, na hapa nakaa kidogo. Tarehe 5 Agosti 2020, Tour ya Poland, hatua ya kwanza. Mstari wa kumalizia uliwekwa mwisho wa mteremko, wanakuja kwa zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Dylan Groenewegen akaiacha njia yake kwenda kulia, Fabio Jakobsen akabanwa akavunja uzio, vyuma vikaruka barabarani kama vijiti vya kiberiti. Jakobsen aliwekwa kwenye usingizi wa dawa na alipoteza karibu meno yote. Groenewegen alisimamishwa miezi tisa.

Sasa chukua Dijon, Tour ya 2024, hatua ya sita. Jasper Philipsen alifika wa pili, nyuma ya Groenewegen huyohuyo, lakini aliiacha njia yake akamsukumia Wout van Aert kwenye uzio. Van Aert aliacha kukanyaga, akabaki juu ya baiskeli. Philipsen akashushwa, kesho yake akaanza mbio kama kawaida.

Ukizitazama kwa juu, hatua zile mbili ni ndugu. Mmoja alilala hospitali, mwingine alilalamika kwenye mahojiano. Je, adhabu ifuate kitendo au ifuate damu? Shemeji anasema kitendo, na kwamba miezi tisa ya Groenewegen ilikuwa ni bei ya mteremko ambao yeye hakuuweka. Mimi nasema asiyejua kuwa yuko kilomita 80 kwa saa karibu na uzio anapaswa kujua. Lakini nakubali naye kwamba kwenye ubishi huu mtu hutajwa haraka na barabara husahauliwa. Kabla hujamhukumu sprinta, tazama alipewa uwanja gani: unateremka? Unapinda? Uzio umenyooka juu au una miguu inayotokeza njiani? Kwenye gereji yangu nimewahi kupokea baiskeli kumi kutoka shimo moja la barabara moja, na kila mwenye baiskeli alimlaumu dereva wa bodaboda.

Ulimi

Hapa sina mengi. Baada ya Vittel, Cavendish aliyelala na bega lililovunjika alilazimika kuwaomba watu waache kumtishia yeye na familia yake. Yeye ndiye aliyeanguka! Baada ya Katowice, Groenewegen alitishiwa kuuawa hadi polisi wakalinda nyumba yake. Bouhanni, baada ya kumbana Jake Stewart mwaka 2021, alitumiwa matusi ya kibaguzi ambayo hayakuwa na uhusiano wowote na barabara. Bandani kwetu sheria ni moja: ukimtukania mtu mama yake, unatoka nje mpaka hatua ya kesho, na soda yako inanywewa na aliyekaa jirani yako.

Na ujue kuwa wenyewe mara nyingi wamekwisha songa mbele. Jakobsen alirudi, akashinda hatua ya pili ya Tour ya 2022 kule Nyborg, Denmark. Hatua ya siku iliyofuata, Sønderborg, akaishinda Groenewegen. Cavendish alizipata zile nne zangu mwaka 2021, zote kwa mkupuo mmoja, na ile ya 35 Julai 2024, Saint-Vulbas. Siku hiyo nilifunga gereji saa kumi.

Shemeji naye alipata siku yake. Septemba 2020, Tour ilikuwa imesogezwa kwa sababu ya korona, hatua ya Poitiers. Caleb Ewan kashinda, wa pili Sagan. Lakini Sagan alikuwa amepenya kando ya uzio, palepale alipokuwa Cavendish miaka mitatu nyuma, na ili apite alimsukuma Van Aert kwa bega na kichwa. Waamuzi wakamshusha, pointi zake za kijani zikapukutika. Nilimwona shemeji anakuja gerejini polepole, baiskeli anaikokota kwa mkono ingawa haikuwa na pancha. Vijana wakanitazama, mmoja akanisogezea chaki. Shemeji akaitazama chaki, akautazama ubao, akavuta benchi akakaa.

"Ile ya juu unayo?" akaniuliza.

Nikampa simu.